Askari Themanini na Wawili

Kisa hiki kimepita katika simu nyingi kabla ya kunifikia. Ninakupitishia kama nilivyokipokea, ila nimezipanga siku zake kwa mfuatano, kwa sababu bila mfuatano huo ni vigumu kuelewa nani alimtendea nani nini. Kisome taratibu. Ukiona kinamhusu mtu unayemfahamu, mpelekee.

Katika mji mmoja wa Nyanda za Juu, ambako mwezi wa sita watu huenda kazini wakiwa wamevaa makoti mawili, palikuwa na karakana ya useremala ya mtu aliyeitwa Fundi Chengula. Nyuma ya karakana hiyo, katika chumba kilichokuwa stoo ya mbao, Fundi alikuwa ametengeneza meza yenye urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na nusu. Juu ya meza hiyo palikuwa na nchi nzima: vilima vya unga wa mbao ulioshikwa na gundi, mto uliopakwa vanishi ili ung'ae, mashamba, vijiji viwili, kanisa, na daraja moja la mawe.

Kila Jumamosi saa nane mchana watu wanne walikutana hapo kucheza mchezo wa vita. Majeshi yao yalikuwa ya askari wa plastiki. Kila askari alikuwa na urefu wa milimita sita, yaani punje ya mchele iliyosimamishwa wima. Askari wanne walibandikwa juu ya kibao kimoja chembamba, na vibao ishirini na vinne vilifanya kikosi kimoja. Vibao vilisogezwa kwa rula, mapigano yaliamuliwa kwa dadu, na kila kilichotokea kiliandikwa katika daftari, ili Jumamosi inayofuata vita viendelee pale vilipoishia. Vita hivyo vilikuwa vimedumu miaka miwili.

Fundi Chengula alikuwa mwamuzi na mtunza daftari. Wa pili alikuwa Gaudensi, karani wa mahakama. Jeshi lake liliteketea lote katika mwaka wa kwanza, naye akaendelea kuhudhuria kwa ajili ya chai na maneno.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Kalolo, mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyefundisha hisabati sekondari kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu alibaki na tabia ya kusahihisha. Alisahihisha matangazo ya kanisani na mabango ya maduka, na mara moja alisahihisha kadi ya harusi ya mpwa wake, wiki mbili baada ya harusi.

Wa nne alikuwa Tulinagwe, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ambaye wote walimwita Tuli. Alikuwa fundi wa meno bandia hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuyatazama meno yaliyobaki kinywani mwa mtu, kisha kutengeneza lile lililokosekana, kwa rangi ileile, hata mke wa mwenye jino asitambue lipi limeongezwa.

Jeshi la Mwalimu lilikuwa la bluu, lenye mikanda myeupe. Jeshi la Tuli lilikuwa la rangi ya damu ya mzee. Katika miaka hiyo miwili majeshi hayo yalikutana mara tano, na mara zote tano Mwalimu alishinda. Tuli hakuwa mtu wa kukasirika, lakini kila aliposhindwa alibaki mezani kwa nusu saa, akirudia vibao vyake mahali vilipokuwa, akitafuta alipokosea.

Sasa, kabla sijaendelea, zijue kanuni tatu za meza ile. Kwanza, askari aliyeuawa hakurudi tena. Aliwekwa rafuni mpaka vita vyote viishe, na mwenye jeshi alipaswa kuandaa mwingine. Pili, askari asiyepakwa rangi hakuingia mezani. Tatu, mtu asiyeleta jeshi siku ya pambano alihesabiwa kuwa ameachia mahali pake, na vyote alivyoviacha vikawa vya mpinzani.

Kanuni ya pili ilipendekezwa na Mwalimu mwenyewe, baada ya Gaudensi kuleta vifungo vya shati siku ya kwanza na kudai kuwa hao ni wapanda farasi.

Tarehe kumi na nane ya mwezi wa nne lilipiganwa pambano la tano. Mwalimu aliliokoa daraja, lakini kwa gharama ya kikosi chake chote cha kulilinda: askari tisini na sita walikwenda rafuni kwa mpigo mmoja. Walipokuwa wakikusanya dadu, Tuli alitoa barua mkobani na kuiweka kando ya mto.

"Nimehamishwa," akasema. "Natakiwa kuripoti kituo kipya Jumatatu, tarehe kumi na tano mwezi wa sita. Ni mbali. Si mahali pa kuja na kurudi Jumamosi."

Kisha Fundi alifungua kalenda, na kwa pamoja wakakubaliana kwamba pambano la mwisho, la kuamua daraja na vita vyote, lifanyike Jumamosi tarehe kumi na tatu. Zilibaki wiki nane.

"Nafasi moja tu, Mwalimu," Tuli akasema. "Nataka nikushinde kabla sijaondoka."

"Utajaribu," akajibu Mwalimu, naye akatabasamu.

Kesho yake Mwalimu alipiga hesabu. Siku zilikuwa hamsini na sita. Askari walikuwa tisini na sita. Wawili kwa siku wangechukua siku arobaini na nane, na zingebaki nane za akiba. Hesabu hiyo haikuwa na kosa lolote, isipokuwa haikumhesabu Mwalimu mwenyewe.

Alimbandika askari wa kwanza juu ya kizibo cha soda, akawasha taa, akashika lenzi ya kukuzia. Akampaka koti la bluu na suruali ya kijivu, kisha mkanda mweupe unaokatiza kifuani. Hapo alikuwa amemaliza kila kitu ambacho jicho la mtu aliyesimama kando ya meza lingeweza kuona. Lakini kupitia lenzi Mwalimu aliona kifua kikiwa kitupu, akaongeza vifungo sita kwa ncha ya sindano. Baada ya vifungo, uso ukaonekana mtupu, akaongeza masharubu. Masharubu yakafanya macho yakosekane. Akaongeza macho, na ndani ya kila jicho nukta nyeusi. Nukta ya jicho la kushoto ikamwagika, akafuta uso wote, akaanza upya.

Askari huyo alimchukua siku nne.

Fundi Chengula alipomtembelea katika wiki ya tano, aliwakuta askari tisa wamesimama dirishani juu ya vizibo tisa. Fundi akaichukua lenzi, akainama.

"Mwalimu, huyu ana macho?"

"Askari asiye na macho atalengaje?"

"Na hizi ni nyusi?"

"Ni nyusi."

Fundi akarudisha lenzi mezani kwa uangalifu. "Lakini mezani hakuna atakayeziona. Hata wewe mwenyewe ukiwa umesimama hutaziona."

"Fundi, yule binti anaondoka," Mwalimu akasema, bila kuinua kichwa. "Hawa ndio wa mwisho atakaowaona kutoka kwangu. Sitampelekea vipofu."

Fundi alikunywa chai yake, akaenda zake, na hakumwambia mtu.

Siku zikaenda. Jumatano tarehe kumi, saa nne asubuhi, Mwalimu aliingia karakanani akiwa amekumbatia sanduku la viatu. Ndani yake kulikuwa na askari kumi na wanne waliofungwa katika pamba, na askari themanini na wawili wa kijivu, vile vile kama walivyotoka dukani. Juu ya sanduku palikuwa na barua iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni:

*Kwa Mwamuzi. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu, ninaachia Daraja. Askari waliokamilika ni kumi na wanne, na hawatoshi kufanya kikosi. Kosa ni la hesabu, na ni langu.*

"Kaa kwanza, Mwalimu," Fundi akasema.

"Sikuja kukaa."

Gaudensi, aliyekuwa amepita kunywa chai, akaisoma barua begani kwa Fundi. "Hesabu ikimshinda Mwalimu wa hesabu, sisi wengine tukimbilie wapi?"

"Nyamaza wewe," Fundi akamwambia, kisha akamgeukia mzee. "Mezani tuko wanne tu. Jumamosi nikifumba jicho, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Wewe utajua. Na Gaudensi ataiambia mahakama nzima."

"Hilo ni kweli," Gaudensi akakiri. "Basi wachovye wote kwenye kopo la bluu, waning'inize wakauke. Dakika tano."

"Gaudensi, wewe ndiye uliyetuletea vifungo vya shati."

"Walipigana vizuri vifungo vile."

Mwalimu hakucheka. Aliliweka sanduku juu ya benchi ya useremala na kulinyoosha mpaka likalingana na ukingo. "Kanuni niliitaka mimi," akasema. "Siwezi kuitaka inapowabana wengine na kuikataa inaponibana mimi. Mwambieni Tuli daraja ni lake. Jumamosi nitakuja kumuaga."

Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akatoka.

Saa kumi jioni Tuli alitoka kazini na kufika karakanani, kwa kuwa Fundi alikuwa amempigia simu. Alikuwa amekabidhi ofisi siku hiyo. Alhamisi na Ijumaa alipewa ziwe siku za kufungia mizigo. Aliisoma barua ya Mwalimu mara mbili.

"Hongera, dada Tuli," Gaudensi akasema. "Miaka miwili, na hatimaye umempiga Mwalimu. Tena bila kutoka jasho."

Tuli alifunua sanduku, akafungua pamba, akamweka askari mmoja juu ya kucha ya kidole gumba. Kisha akaomba lenzi.

Alimtazama askari yule kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia.

"Ana macho," akasema.

"Na nyusi," Fundi akasema. "Alisema hawezi kukuletea vipofu, kwa kuwa unaondoka."

Tuli akamrudisha askari katika pamba. "Fundi, kanuni inasemaje juu ya vitu vya aliyeachia?"

Fundi akafungua daftari, ingawa alikuwa anaijua. "Vyote alivyoviacha ni vya mpinzani."

"Kwa hiyo sanduku hili ni langu?"

"Ni lako."

Tuli akalifunika, akaliweka chini ya kwapa, akaaga na kuondoka.

"Amebeba mateka," Gaudensi akasema, "mpaka wale ambao hawajavaa nguo."

Fundi Chengula hakuchangia mzaha huo. Alikuwa anamfahamu Tuli kama mtu mwenye moyo mpana, na alichokiona kilimkwaza. Alirudi kwenye benchi yake akaupiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba, haufai tena kwa mlango aliokuwa anautengeneza.

Jumamosi ikafika. Fundi alipokuja kufungua chumba cha meza, saa saba na nusu, alimkuta Tuli ameketi juu ya gogo mbele ya mlango, sanduku la viatu likiwa mapajani. Tuli alimwomba wapange meza kabla Mwalimu hajafika. Fundi alipoona kilichokuwa ndani ya sanduku, alikaa chini, kisha akainuka, akaenda kumwekea maji ya chai kwa mikono yake mwenyewe.

Saa nane kamili Mwalimu Kalolo aliingia. Alikuwa amevaa koti la suti, lile la mikutano ya wazazi, na mdomoni alikuwa ameshaandaa maneno ya kuaga. Maneno hayo hayakutoka.

Kusini mwa daraja lilisimama jeshi la damu ya mzee, tayari. Kaskazini mwa daraja vilisimama vibao ishirini na vinne vya askari wa bluu, wenye mikanda myeupe inayokatiza kifuani.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Fundi, nilikuandikia barua."

"Niliipokea, Mwalimu."

"Basi hawa ni nani?"

"Ni wako."

"Wangu ni kumi na wanne."

"Wamezaana," Gaudensi akasema.

Tuli, aliyekuwa pembeni, akasogea. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu mzee, macho yakiwa bado mezani. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Siku mbili?"

"Siku mbili." Akamweleza, naye Mwalimu akasikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeonyesha njia ya hesabu ubaoni. Tuli aliwabandika kumi kumi juu ya vijiti vya aiskrimu, vijiti vinane, na wawili waliobaki juu ya cha tisa. Akapaka bluu kwa wote, kutoka wa kwanza hadi wa themanini na mbili. Alipofika wa mwisho, wa kwanza alikuwa amekauka. Akarudi na kijivu kwa wote. Akarudi na nyeupe. Mwisho akawapitishia wote rangi nyepesi kama chai ya rangi, ambayo huingia kwenye mikunjo na kufanya kivuli chenyewe, kisha vanishi. Rangi ya bluu aliilinganisha na wale kumi na wanne, kama anavyolinganisha jino.

"Meno hatutengenezi moja likakamilika ndipo tuguse la pili, Mwalimu. Mgonjwa angezeeka kitini."

"Na mizigo yako?"

"Iko palepale. Mdogo wangu aliyekuja kunisaidia kufunga hanisemeshi tangu jana."

Mwalimu akainama juu ya meza, mikono nyuma. Alivitazama vibao kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. "Wangu umewaweka wapi?"

"Watafute. Nimewachanganya."

Akatafuta. Alikuwa ameishi na askari wale karibu wiki nane, amewapa kila mmoja masharubu yake, na hakuweza kumtambua hata mmoja. Mwishowe akatoa lenzi mfukoni, akawapitia safu kwa safu, na katika kibao cha saba akakutana na jozi ya macho ikimtazama. Akalizima tabasamu lake haraka, akasimama wima.

"Tuli, umenihurumia," akasema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Sipendi kuhurumiwa."

"Sikukuhurumia."

"Daraja lilikuwa lako tangu Jumatano. Kama si huruma ni nini?"

Tuli akavuta kiti chake upande wa kusini. "Mwalimu, umenipiga mara tano. Kule ninakokwenda nikiulizwa kama niliwahi kukushinda, niseme nini? Kwamba ndiyo, nilimshinda siku aliyobaki nyumbani akichora nyusi?"

Gaudensi alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mimi nataka kukushinda wewe," Tuli akaendelea. "Wewe mzima, na kikosi chako chote. Kama ilibidi nikitengeneze mimi kikosi hicho, nimekitengeneza. Sasa kaa tuanze, maana leo sina nusu saa ya kubaki hapa nikitafuta nilipokosea."

"Kanuni," Mwalimu akaanza, "sikuwapaka kwa mkono wangu."

"Kanuni inataka wawe na rangi," Fundi akasema, akifunga daftari. "Kaa, Mwalimu."

Mwalimu akavua koti la suti, akalitundika kwenye msumari, akakaa.

Pambano lilikuwa la zamu nane. Ili kushinda, Tuli alipaswa kuwa na angalau kibao kimoja kaskazini mwa daraja zamu ya nane itakapoisha. Mwalimu alipaswa kumzuia, basi.

Zamu tatu za kwanza Tuli alipiga mizinga na hakusogea. Katika ya nne aliigiza shambulio la kuvuka mto kwenye maji mafupi, upande wa mashamba. Mwalimu akapeleka vibao vinane huko, na akaviona vimepotezwa bure wakati jeshi la damu ya mzee lilipogeuka na kukimbilia daraja. Katika ya tano na ya sita walipigana darajani penyewe, kibao kwa kibao. Askari wa bluu walianguka, Fundi akawainua mmoja mmoja na kuwapeleka rafuni, wenye macho na wasio na macho.

Gaudensi aliiacha chai yake ipoe.

Zamu ya saba ilipoisha, Tuli alikuwa na vibao vinne katikati ya daraja na njia nyeupe mbele yake. Kwa upande wa bluu karibu na daraja havikubaki ila vibao vitatu, nyuma ya kanisa. Ilikuwa zamu ya nane, na Mwalimu ndiye wa kusogeza kwanza. Akivileta vibao hivyo vitatu kwenye mdomo wa daraja, wangepigana mara moja ya mwisho na dadu zingeamua. Akiviacha, Tuli angevuka.

Mwalimu akanyoosha mkono, akavishika vibao. Mkono ukasita. Kisha, polepole, akaanza kuvisogeza upande wa pili, kuelekea kilimani.

Juu ya kilima hicho hapakuwa na kitu cha kulinda. Fundi aliliona hilo. Gaudensi aliliona. Mzee alikuwa anamtazama binti aliyekesha kwa ajili yake siku mbili bila kufunga hata sufuria moja, na alikuwa ameamua kumlipa.

"Mwalimu," Tuli akasema, taratibu.

Mkono ukasimama.

"Kilima hicho kina nini?"

Mwalimu akakitazama kilima.

"Kama ningetaka kupewa, ningeshinda Jumatano. Nilikupaka rangi askari themanini na wawili ili nikutane na wewe, halafu wewe unanikimbia?"

Mwalimu Kalolo, aliyekuwa amesahihisha watu kwa maisha yake yote, akavirudisha vibao vitatu nyuma ya kanisa, mahali vilipotoka, akapima kwa rula ili viwe palepale.

"Umenisahihisha," akasema. "Na umesahihisha vizuri."

Kisha akavisogeza tena, safari hii moja kwa moja hadi mdomo wa daraja, akavipanga ubavu kwa ubavu, akaifunga njia.

"Njoo," akamwambia.

Tuli akasogeza vibao vyake vinne. Kila mmoja alitupa dadu mbili. Za Tuli zilisimama kwenye tano na nne: tisa. Fundi akaandika. Mwalimu akazitikisa zake katika kiganja, akazitupa. Ya kwanza ilisimama kwenye nne. Ya pili ilibingirika, ikagonga ukuta wa kanisa, ikatulia kwenye sita.

Kumi.

Tuli alizitazama dadu, kisha daraja, kisha wale askari wa bluu waliobaki. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Fundi akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Dada Tuli," Gaudensi akasema, "umepigwa na watu uliowavalisha mwenyewe."

"Nimepigwa na Mwalimu," akajibu, akipangusa macho. "Jumatano ningelishinda sanduku la viatu."

Mwalimu akainuka, yeye mwenye miaka sabini na mmoja, akazunguka meza yote, akampa mkono kwa mikono yake miwili. Maneno aliyokuwa ameyaandaa ya kuaga hayakumjia hata hapo. Alichoweza kusema ni hiki: "Lile shambulio la mashambani. Lilinidanganya kabisa. Katika mapambano yote sita, hakuna aliyewahi kunidanganya vile."

"Najua," Tuli akasema. "Niliona uso wako."

Alichukua mkoba wake, akavaa koti la kwanza na la pili. Kwa kanuni ya tatu jeshi la bluu lilikuwa mali yake, na Fundi alimkumbusha hilo; naye akajibu kwamba analiacha hapo, chini ya uangalizi wa mwamuzi, kwa kuwa litahitajika.

"Vita hivi vimekwisha," akasema akiwa mlangoni. "Mwezi wa kumi na mbili nina likizo ya wiki tatu. Nitakuja, na jeshi langu jipya litakuwa limepakwa rangi yote."

Akamgeukia mzee.

"Wewe, Mwalimu, anza leo."

Funzo: Mshindani anayekuheshimu hafurahii kukukuta umepungukiwa, atakusaidia usimame ukiwa kamili, kisha atashindana nawe kwa nguvu zake zote. Mtu wa namna hiyo usimlipe kwa kumwachia ushindi. Mlipe kwa kupambana naye kwa nguvu zako zote.